Wachezaji wa bebifuti njooni hapa: niboreshe nini kwenye meza kabla sijatengeneza nyingine?

SeremalaKeko

Wakuu habari za sa hizi. Mimi ni fundi seremala hapa Keko, kazi zangu za kila siku ni vitanda, makabati na meza za kulia, ila nimeingia pia kwenye kutengeneza meza za bebifuti, ule mpira wa mezani wa kusukuma na kuzungusha vyuma vyenye wachezaji, kuna wanaouita foosball. Nimeshatoa kadhaa, nyingi ziko vijiweni na moja iko kituo cha vijana, sasa nina oda ya zingine kwahiyo kabla sijakata mbao nataka nisikie kwa wachezaji wenyewe. Wenye meza nikiwauliza wananiambia ipo poa tu inaingiza hela, lakini mwenye meza anakaa pembeni anahesabu, anayeijua meza ni yule anayeshika chuma kutwa nzima.

Meza yangu ilivyo: ndani urefu sentimita 120 upana 68, vyuma 8, kila timu ina kipa mmoja, mabeki wawili, viungo watano na mafowadi watatu. Uwanja ni plaiwudi nimebandika formika ya kijani, kuta za pembeni ni mninga, wachezaji nimewakereza kwa mbao ya mkongo, chuma ni paipu ya milimita 16 inapita kwenye bushi ya nailoni. Miguu minne, nimeiunga kwa mbao chini ili isiyumbe.

Nini kinawaudhi mkicheza? Mpira unakwama wapi, chuma kiwe kizito au chepesi, mshikio uweje, mchezaji wa mbao au wa alumini, kipa mmoja au watatu, hata rangi semeni. Msiniogope, mimi ndo nimeuliza.

kipa_mkongwe

Mkuu heshima kwako, mafundi wanaouliza ni wachache sana. Mimi nimecheza hii kitu toka niko Kigoma ambako iliingia siku nyingi kutoka ng'ambo ya ziwa, sasa niko Dar na meza ninazokutana nazo nyingi zina tatizo moja, chuma. Watu wanahangaika na rangi na bendera za Simba na Yanga pembeni wakati chuma kimepinda kama ndizi. Paipu ya ukuta mwembamba ikipigwa na kijana mwenye nguvu halafu akaiegemea wakati anashangilia, mwisho wa mwezi hiyo si chuma tena. Ikishapinda hata kidogo tu, mchezaji wa katikati anagusa uwanja na wa pembeni anaelea, na bushi inaanza kulika upande mmoja.

Chuma kizima kisicho na tundu hakipindi kirahisi, ila ni kizito, mkono unachoka na ile kasi ya ghafla unayoihitaji kupiga inapungua. Mimi nachagua paipu yenye ukuta mnene, yani iwe na tundu lakini tundu dogo. Kabla hujafunga, kila paipu iviringishe kwenye kioo cha dirisha, ukiona mwanga unapita chini yake sehemu moja na nyingine haupiti hiyo rudisha dukani.

Alafu bushi. Ikibana sana mpira unakupita, ikilegea chuma kinacheza kama mlango mbovu na huwezi kulenga. Na waambie wateja wako wasipake grisi wala mafuta ya kula!! Vumbi linanasa humo linakuwa kama msasa, mafuta yanadondoka uwanjani, mpira unateleza. Silikoni ya kupuliza ndo inatumika, kidogo tu kwenye chuma, unakisukuma ndani nje mara kadhaa kisha unafuta.

Mpira nao usisahau. Mpira wa bebifuti ni wa milimita 34 au 35 hivi, ila huku mtu mpira ukipotea analeta wa tenisi ya meza, ule ni wa milimita 40 na ni mwepesi, ukiupiga unaruka nje, ukiukanyaga kwa mguu wa mchezaji unapasuka. Uza meza na mipira kumi kabisa, weka kwenye bei.

MwenyeKijiwe_Mbagala

Naheshimu mchango wa juu ila na sisi wenye meza tusikilizwe jamani, maana fundi kaanza kwa kutupiga dongo kuwa tunahesabu tu. Meza hiyo nainunua mimi na ikivunjika naumia mimi.

Mimi nahitaji vitu viwili. Cha kwanza uimara. Meza inakaa chini ya bati kibarazani, masika maji yanarushwa na upepo, jua linapiga mchana. Kuna meza niliinunua kwa muuzaji mmoja, ilikuwa nzuri kwa macho, ndani ilikuwa MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, msimu wa mvua mmoja tu uwanja ukavimba pembeni mpira ukawa unarudi wenyewe katikati. Na wachezaji wa mbao wanakatika mguuni, na kwenye ile meza mchezaji amepigiliwa kwa pini iliyochomelewa, akikatika mmoja inabidi chuma kizima kitoke. Fundi wangu, kila mchezaji afungwe kwa skrubu na nati, nikimpoteza mmoja nibadilishe mwenyewe asubuhi kabla wateja hawajaja.

Cha pili, mchezo usichelewe. Kuna hawa wataalamu, mmoja anaukanyaga mpira pale mbele anautingisha kulia kushoto dakika nzima anamsoma kipa, huku watu sita wanasubiri zamu na hela mkononi. Ndo maana mimi napenda uwanja unaoteleza na mpira mgumu, mpira ukitembea haraka mechi inaisha haraka.

254_Kayole

Niaje wasee, sasa hapo @MwenyeKijiwe_Mbagala ndio sikubaliani na wewe buda. Ukifanya table iteleze hadi mtu hawezi hold ball basi unabaki na ile game ya kuzungusha rod kama fan, na hiyo ndio inauwa table yako haraka zaidi. Mtu akizungusha mzunguko mzima, mchezaji anagonga mpira kwa nguvu zote, bushi inakula, mguu inavunjika. Kwa sheria za shirikisho la kimataifa, ITSF, kuzungusha zaidi ya digrii 360 kabla ama baada ya kugusa mpira ni makosa. Na hiyo ya kuchelewa ishawekewa sheria kitambo, ukiwa na mpira kwa rod ya watu watano una sekunde 10, rod zingine zote ni sekunde 15. Andika hizo mbili na rangi kubwa kwa ubao hapo juu ya table, watu wa queue wenyewe watahesabu kwa sauti, hutahitaji refa.

Control ndio inafanya mtu arudi. Mimi nilianza kupenda hii game siku nilijua kupiga snake, ile unabana mpira kwa mbele na kidole cha mguu wa mchezaji, unausukuma kando kisha unazungusha rod kwa mkono ulio wazi bila kuishika. Huwezi jifunza hiyo kwa table ya mpira mgumu unaoteleza na mguu ya mviringo. Fundi, mguu wa mchezaji ndio uangalie sana, chini pale pawe na uso bapa na kingo, na uchore mistari mistari kwa msumeno ndio ishike mpira. Hizi meza za Tornado za Marekani mguu wake una makwaruzo hivyo na ndio maana watu wanacheza taratibu na kwa akili. Bonzini ya Ufaransa nayo imetumia njia ingine, mpira ni wa koki, laini, uwanja wa linoleamu, mpira unashika chini hata ukiubana na upande wa mguu. Hiyo koki haina kelele pia, kama table yako iko karibu na nyumba za watu wanalala.

Kitu ingine ya Tornado nimeipenda, kichwa cha mchezaji kina uzito sawa na mguu, ukimwinua juu analala pale pale hewani hashuki. Ile wachezaji wako wa mbele wakishuka wenyewe wanazuia shot ya beki wako, mse unakasirika bure. Wewe unakereza mwenyewe, ongeza mbao kichwani.

hesabu_ni_hesabu

Salaam. Fundi ametoa vipimo vizuri lakini ameruka kile ambacho ndicho kinachoamua kama meza ina sehemu zilizokufa, yaani umbali kati ya mchezaji na mchezaji kwenye chuma kimoja. Mafundi wengi wanapanga kwa macho. Ngoja nieleze maana ni hesabu ya darasa la saba.

Upana wako ni 68. Mchezaji wa pembeni hawezi kugusa ukuta kabisa kwa sababu ya raba ya kuzuia mshindo, tuseme katikati yake inaishia sentimita 3 kutoka ukutani, pande zote mbili ni 6, zinabaki 62. Kwenye chuma cha watu watano ukiwatenganisha sentimita 12, nafasi nne zinakula 48, kwahiyo chuma kinatembea 14 kushoto kulia. 14 ni kubwa kuliko 12, maana yake eneo la mmoja linaingia kwenye eneo la jirani yake kwa sentimita 2 na hakuna mwanya. Ukiwatenganisha 13 chuma kinatembea 10 tu, unapata mianya minne ya sentimita 3 kila mmoja na mpira ukisimama hapo mtu anaanza kuinua meza. Kwa watatu, tenganisha 20, chuma kitatembea 22. Kwa wawili ukiweka hata 24 kitatembea 38, hao mabeki hawana shida.

Kwa urefu, 120 gawanya kwa vyuma 8 ni 15, hiyo weka hivyo hivyo, chuma cha kwanza 7.5 kutoka ukuta wa goli. Sasa mguu wa mchezaji ukiurusha mbele lazima uufikie mpira uliosimama katikati ya vyuma viwili. Mguu ukiwa mrefu wa kutosha na ukiacha upenyo mdogo tu kati yake na uwanja, unafika. Ukipandisha chuma kwa sababu tundu ulitoboa juu kidogo, au uwanja ukishuka katikati, haufiki tena. Ndiyo maana uwanja kubonyea ni ugonjwa mbaya kuliko chuma kupinda, naomba kipa_mkongwe anisamehe. Plaiwudi ya milimita 18 na chini yake ipitishwe mbao za kuibeba kwa upana, siyo kwa urefu, angalau tatu. Na weka nati za kuzungusha chini ya kila mguu, mteja ajipimie mwenyewe kwa pima maji kila akihamisha meza, sakafu za baraza zetu hakuna iliyonyooka.

Kuhusu kipa, ukibaki na mmoja ambaye chuma chake kinazuiwa asitoke eneo la goli, hafiki kona, kwahiyo mpira ukiingia kona unalala. Zipo njia mbili tu, ama unainua kona ziwe na mteremko kama Garlando ya Italia wanavyofanya mpira urudi wenyewe, ama unaweka makipa watatu kwenye chuma kimoja uwanja ukae bapa kama Tornado. Watatu ni rahisi kwa seremala. Mteremko wa kona ukiukosea kidogo mpira unarukia nje.

MwenyeKijiwe_Mbagala

Hiyo ya sekunde 15 sikuijua, nimeipenda. Naandika leo. Ila kwenye skrubu sijarudi nyuma.

Wa_Goma

Jambo bandugu. Mi naandika toka Goma, huku bebifuti iko kila avenue, batoto banacheza, bamama banacheza, kuna meza zimekaa inje miaka na miaka na bado ziko muzima. Nataka niseme juu ya wachezaji. Hapa bafundi banayeyusha alimini ya zamani, sufuria, pistoni, banamimina mu mchanga, mchezaji anatoka mzima na tundu yake. Havunjike. Akipinda unamugonga na nyundo anarudi. Ule mkongo yenu ni mbao nguvu lakini mguu ni kitu nyembamba, na nyuzi za mbao zikipita kwa upana ya mguu itakatika tu, hata mbao iwe nguvu namna gani. Kama unabakia na mbao basi hakikisha nyuzi zinashuka toka kichwa mpaka mguu.

Lakini alimini ni nzito, kwa hiyo ile paipu nyembamba hapana kabisa. Na vumbi. Vumbi ya huku ni ya volkano, ni kali, inakula bushi ya plastiki haraka sana. Sisi tunafanya bushi inafungwa na skrubu mbili pa inje, ikilika unatoa unaweka ingine, meza haitikisiki. Usigundishe bushi na kola.

MagurudumuMawili

Nashukuru kwa uzi huu, nimeusoma wote. Mimi natumia kiti mwendo na bebifuti ndio mchezo ninaocheza na rafiki zangu wanaotembea bila mtu kunionea huruma wala kunipunguzia. Nikishakaa pale mezani na mpira uko kwangu sote ni sawa. Shida ni kufika pale.

Fundi umesema miguu umeiunga kwa mbao chini ili isiyumbe. Hiyo mbao ndio inanizuia. Sehemu ya kuwekea miguu ya kiti changu inagonga pale, kwahiyo nakaa mbali na meza, nanyoosha mikono, na chuma cha kipa sikifikii vizuri. Iunge upande wa magoli tu, ule upande wa wachezaji uache wazi, na kama inayumba imarisha kwa vyuma vya pembe juu kwenye kona. Pia usiweke sanduku kubwa la mipira chini ya ukuta wa upande wa wachezaji, magoti yanagonga. Ukizikata nati za miguu ndefu kama alivyosema hesabu_ni_hesabu basi meza inaweza kushushwa kidogo siku tukicheza sisi. Meza nyingi vyuma vinakaa usawa wa kifua changu na zaidi, nacheza viwiko vimeinuka, baada ya mechi mbili mabega yanauma.

Lakini kubwa kuliko yote ni ncha za vyuma. Mtu wa upande wa pili akisukuma chuma chake kwa nguvu, ncha inatoka upande wangu. Wewe uliyesimama inakugonga tumboni au pajani, mimi niliyekaa inakuja usoni. Mtoto mdogo anayechungulia pembeni naye ni hivyo hivyo. Bonzini wana vyuma vya teleskopu, chuma kimoja kinaingia ndani ya kingine, hakitokei upande wa pili kabisa. Najua ni gharama. Kama huwezi, basi weka kofia nene ya raba kwenye kila ncha, iwe pana, isiwe ile kofia ya plastiki inayochomoka wiki ya kwanza.

Na nitoe historia kidogo kwa sababu inamhusu seremala. Mwingereza Harold Thornton alisajili ubunifu wa meza ya namna hii mwaka 1923, hilo linajulikana. Lakini Wahispania wana yao. Alejandro Finisterre alikuwa kijana tu, akajeruhiwa kwa bomu Madrid mwaka 1936 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwa simulizi yake mwenyewe akiwa hospitali aliona watoto waliojeruhiwa kama yeye ambao hawawezi tena kucheza mpira uwanjani, ndipo akawaza meza. Hakuwa na ufundi wa mbao. Aliyemtengenezea ni seremala Mbasque, Francisco Javier Altuna, na mwaka 1937 akaisajili Barcelona. Mezani mwao hadi leo mchezaji ana miguu miwili iliyoachana. Kwahiyo nikiomba nafasi ya kiti changu chini ya meza siombi kitu cha ajabu.

dada_wa_Tabata

MagurudumuMawili umeongea na mimi nimejifunza. Kaka fundi mimi langu ni mishikio. Unatengeneza mikubwa ya kiganja cha mwanaume na mnaipaka vanishi inayong'aa, hii ya joto la Dar mkono ukitoa jasho unateleza mpaka unashika kwa vidole vyote na nguvu zinaishia hapo. Tunaokuja kucheza wasichana ni wengi sasa hivi. Kereza myembamba kidogo, iwe na pembe nane badala ya mviringo, na uache mbao bila vanishi, piga msasa laini tu. Mwenye kutaka kuvingirisha raba ya mshikio wa raketi atavingirisha mwenyewe.

Na rangi, umesema hata rangi. Uwanja wa kijani na mpira wa njano usiku kwenye taa moja hauonekani, kivuli cha vyuma kinaufunika. Kijani iwe nzito na ising'ae, mpira mweupe au wa rangi ya chungwa. Timu mbili zisiwe nyekundu na kahawia kama ile ya hapa kwetu, ukikimbizwa hujui yupi wako.

SeremalaKeko

Wakuu nimekaa na daftari hapa, nimeandika kila kitu. Nimepima meza iliyopo karakana, viungo watano nimewatenganisha 13.5. Jibu la kwanini mpira unasimama pale katikati nimelipata leo kwa hesabu_ni_hesabu, asante sana, kuanzia sasa ni 12. Makipa watatu, kona bapa. Paipu ya ukuta mnene nitaenda kuitafuta Gerezani na kioo nitabeba. Bushi ya skrubu nje kama Goma, mchezaji kwa skrubu na nati kama Mbagala. Mishikio pembe nane, hiyo ni kazi ya randa tu. Mbao zangu nyuzi zinashuka wima tayari ila nataka nijaribu seti moja ya alumini, kuna jamaa anasubu vizuri tu, nitampelekea mchezaji mmoja wa mbao awe kalibu.

Ndugu MagurudumuMawili, mbao ya chini upande wa wachezaji naiondoa kwenye meza zote, sio kwa oda maalum. Kofia za raba nitakata kwenye raba nene ya viatu vya matairi nizibane kwa skrubu na washa, haitachomoka. Teleskopu nataka kuijaribu ila sijui kama mteja atalipa, paipu mbili kwa kila chuma ni karibu mara mbili ya gharama ya vyuma. Nilikuwa nawaza labda niweke teleskopu kwenye vyuma vya makipa na mabeki tu, vingine kofia?

MagurudumuMawili

Hapana kaka, anza na kile cha watatu, mafowadi. Hicho ndicho watu wanachokisukuma kwa nguvu wakipiga, cha kipa kinatembea kidogo tu kwa sababu sasa umeweka watatu. Ukipata hela za vyuma viwili tu kwa meza nzima weka hapo, kimoja kila timu. Cha watano kifuate kama itapatikana, ingawa kinatembea 14 tu kwa hesabu ya juu, kofia itatosha.

Niambie karakana iko upande gani wa Keko nije na kiti changu kabla hujaunga miguu, upime na mimi nimekaa.

SeremalaKeko

Nimekutumia inbox. Jumamosi nitakuwa sijaunga bado.

254_Kayole

Wekeni picha hapa mkimaliza. Na fundi ukianza kuuza huku nje ya TZ niambie, kuna youth group hapa mtaani inatafuta table.